Nani hupanga zamu? Ratiba ya kurudufisha DNA na mahali ilipoandikwa

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, huungwa kwa vipande vya aina mbili. Maelekezo ya alfa-globini yako kwenye kromosomu ya 16, na ya beta-globini kwenye kromosomu ya 11. Hiyo beta ndiyo jeni ileile ambayo kosa la herufi moja ndani yake huleta selimundu. Sasa chukua seli ya ngozi inayojiandaa kugawanyika, uifuatilie kwa saa nane hivi inazotumia kurudufisha DNA yake. Alfa itarudufishwa mwanzoni. Beta itasubiri hadi karibu na mwisho. Ukichukua seli ya uboho iliyo njiani kuwa chembe nyekundu ya damu, utaona zote mbili zinarudufishwa mapema. Herufi za DNA ni zilezile katika seli hizo mbili, ila zamu imebadilika.

Kwa hiyo swali la nani hupanga zamu lina mtego ndani yake. Ukijibu kwamba ratiba imeandikwa kwenye DNA, utaulizwa mbona seli mbili zenye DNA moja zina ratiba mbili. Ukijibu kwamba haikuandikwa kwenye DNA, utakwama pale watu wawili wanapotofautiana ratiba kwa sababu tu wamerithi herufi tofauti. Majibu yote mawili yana ukweli, na kazi ya makala hii ni kuonyesha yanavyokaa pamoja.

Hesabu ya muda

Seli ya binadamu ina takriban jozi bilioni 6.2 za besi, yaani herufi za DNA, ukihesabu nakala ya baba na ya mama. Mashine inayorudufisha husonga kwa kasi ya jozi 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Kromosomu ya 1, iliyo ndefu kuliko zote, ina jozi milioni 249 hivi. Mashine moja ikiianza ncha hii hadi ile kwa kasi ya 2,000, itahitaji dakika 124,500, yaani zaidi ya siku 86. Seli haina siku hizo. Katika mzunguko wa saa 24, kipindi cha kurudufisha, kiitwacho awamu S, huchukua saa 8 hivi.

Njia iliyobaki ni kuanzia sehemu nyingi. Kila kianzio hufungua nyuzi mbili za DNA na kutoa mashine mbili, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia. Kwa kasi ya 1,500, mashine moja hupita jozi 720,000 kwa saa nane, kwa hiyo kianzio kimoja kingeweza kuhudumia jozi milioni 1.44. Gawanya bilioni 6.2 kwa hizo, utapata vianzio 4,300 tu, kama vingewashwa vyote dakika moja na vingekuwa vimepangwa kwa umbali sawa. Lakini makadirio ya kawaida ya vianzio vinavyotumika katika seli moja ni 30,000 hadi 50,000. Tofauti hiyo inatokana na kwamba haviwashwi pamoja: wakati wowote ule, sehemu ndogo tu ndiyo iko kazini.

Sababu ya kutowasha vyote ni ya kiuchumi. Nyukleotidi, yaani malighafi ya DNA mpya, hutengenezwa kadiri zinavyotumika, hazirundikwi ghalani. Kisha kuna RPA, protini inayofunika uzi ulio wazi usije ukakatika kabla haujapata mwenzake. Akiba ya RPA ina kikomo. Seli ikilazimishwa kuwasha vianzio kupita kiasi, uzi ulio wazi unakuwa mwingi kuliko RPA iliyopo, na kromosomu zinaanza kuvunjika kila mahali kwa pamoja. Zamu, kwa hiyo, zinailinda seli isijimalize.

Leseni kwanza, kuwashwa baadaye

Kianzio hupitia hatua mbili, na anayezichanganya hataelewa kinachofuata.

Hatua ya kwanza hufanyika baada ya seli kugawanyika, katika awamu G1. Kundi la protini liitwalo ORC hukaa kwenye DNA, likisaidiwa na CDC6 na CDT1, na pamoja huivisha DNA pete za MCM. Kila pete ina protini sita, nazo huvikwa mbili mbili zikitazamana. Hapo kianzio kimepata leseni, lakini bado hakijafanya lolote. Pete zinazovikwa ni nyingi mara kadhaa kuliko zitakazotumika. Zile za ziada hulala, na huamka mashine ya jirani ikikwama. Awamu S ikishaanza, protini iitwayo jeminini humkamata CDT1, na hakuna leseni mpya inayotolewa. Ndivyo seli inavyohakikisha hakuna kipande kinachorudufishwa mara mbili.

Hatua ya pili ni kuwasha. Vimeng'enya viwili, DDK na CDK, hubandika fosfati. DDK huzibandika kwenye mikia ya MCM yenyewe, CDK kwenye protini kama TRESLIN. Ndipo CDC45 na GINS zinapokuja kujiunga na pete, na pete inageuka kuwa injini inayofungua nyuzi. Mhimili wa habari nzima ni huu: protini za kuwasha ni chache kuliko pete zinazozisubiri. Pete zinazifukuzia, na zinazozipata kwanza ndizo zinazorudufisha mapema. Mashine zikimaliza eneo moja, protini zile huachiliwa na kwenda kuwasha eneo lingine.

Kutokana na hapo, “mapema” katika fani hii haimaanishi saa iliyopangwa. Maana yake ni uwezekano mkubwa wa kupata mapema. Ukichungulia seli moja moja, kianzio kilekile kinaweza kuwashwa katika seli hii na kulala katika ile. Ukikusanya mamilioni ya seli, wastani unatoka uleule leo na mwezi ujao. Wanaotafuta saa ndogo iliyofichwa ndani ya seli ikigonga kengele kwa kila jeni wanatafuta kitu kisichokuwepo.

Sasa basi, nini humpa kianzio nafasi nzuri katika ushindani huo? Kwanza ni wingi wa pete zilizovikwa mahali pale. Pili ni kufikika: DNA iliyolegea, yenye histoni (protini ambazo DNA huzungushiwa) zilizobandikwa alama ya kikemia iitwayo asetili, hufikika haraka kuliko iliyofungwa na kubanwa. Tatu ni mahali ndani ya kiini. Maeneo yenye jeni nyingi na yenye herufi za G na C nyingi hukaa zaidi katikati ya kiini, nayo hutangulia. Yenye jeni chache hukaa yameegemea ukuta wa kiini au yakizunguka nukleoli, kile kidonge kilicho ndani ya kiini, nayo huchelewa.

Nne ni breki, na breki hii inastahili aya yake. Inaitwa RIF1. Mwaka 2012 makundi mawili, moja likitumia seli za panya na lingine za binadamu, yalionyesha kwamba ukiiondoa RIF1 ratiba ya jenomu nzima, yaani DNA yote ya seli, inavurugika. RIF1 hujibandika kwenye maeneo yanayochelewa, ikiwa imeshika mkononi kimeng'enya PP1, ambacho kazi yake ni kung'oa fosfati. DDK inabandika, PP1 inang'oa, na pete za pale zinabaki hazijawashwa hadi breki ilegee. Mwaka 2021 jaribio lililofanywa kwenye seli za binadamu lilikwenda mbali zaidi. RIF1 ilipoondolewa, maeneo ya mapema na ya mwisho yalichanganyikana, kisha alama za histoni nazo zikaanza kuhama mahali pake. Ila zilihama pale tu seli ziliporuhusiwa kurudufisha DNA. Seli zilizozuiwa kurudufisha zilibaki na alama zake. Wengi walikuwa wamezoea kusema kufungwa kwa DNA ndiko kunakoleta kuchelewa, nukta. Jaribio hilo lilionyesha kwamba hata kuchelewa nako hutunza kule kufungwa, maana DNA mpya hufungashwa kwa histoni na vimeng'enya vinavyopatikana saa ile inapotengenezwa.

Ratiba yenyewe hupangwa upya kila mzunguko, mapema katika G1. Jaribio la mwaka 1999 lililotumia seli za panya-buku wa China lilichukua viini vya saa mbalimbali baada ya kugawanyika na kuvirudufisha nje ya seli. Vilivyochukuliwa katika saa ya kwanza vilirudufisha bila mpangilio. Vilivyochukuliwa baada ya saa moja au mbili vilifuata mpangilio wa kawaida. Huo ndio wakati ambao kromosomu, zikiwa zimetoka kugawanywa, zinarudi mahali pake ndani ya kiini.

Jinsi ya kuipima

Kipimo kinachotumika zaidi kinafuata DNA mpya. Seli hulishwa BrdU, molekuli inayofanana na thaimidini kiasi cha kuidanganya mashine ya kurudufisha. Kwa kawaida ni maikromola 100 kwa saa mbili, seli zikiwa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi. Kipande chochote kilichorudufishwa ndani ya saa hizo mbili kinabaki na alama. Seli ziwe bado zinakua kwa kasi. Chombo kilichojaa pomoni kina seli zilizokwisha kuacha kugawanyika, na mavuno yatakuwa haba. Tangu BrdU inapoingia, taa kali ni adui, kwa sababu DNA yenye BrdU hukatika ikipigwa na mwanga.

Seli zikishaoshwa, huhifadhiwa kwa ethanoli ya baridi ya asilimia 70, ikidondoshwa tone kwa tone huku bomba likitikiswa taratibu. Mwenye haraka akiimimina yote kwa mkupuo atapata mabonge, na bonge la seli mbili za G1 mbele ya mtambo linaonekana kama seli moja ya G2, yaani iliyomaliza kurudufisha lakini haijagawanyika. Hatua inayofuata ni rangi ya propidiamu ayodaidi, maikrogramu 50 kwa mililita, pamoja na RNasi, kimeng'enya kinachoharibu RNA, maana rangi hiyo hushika RNA vilevile na kupotosha hesabu. Kuna anayetaka kutumia rangi ya Hoechst kwa kuwa ndiyo aliyo nayo. Asifanye hivyo hapa: BrdU huzima mng'ao wa Hoechst, na seli zilizorudufisha zaidi zitasomeka kana kwamba zina DNA pungufu.

Seli huchujwa kwenye wavu wa maikromita 40 hivi na kupitishwa kwenye mtambo wa kuchambua seli. Mtambo hupanga seli kwa wingi wa DNA: mlima wa G1 wenye kipimo kimoja, mlima wa G2 wenye vipimo viwili, na bonde la awamu S katikati. Bonde hukatwa nusu mbili, ya mapema na ya mwisho. Seli 100,000 kwa kila nusu zinatosha vizuri.

DNA ikishatolewa, hukatwakatwa kwa mawimbi ya sauti hadi vipande vya jozi 200 hivi, kisha vipande huungwa viunganishi vya kusomea, yaani vijipande vya DNA ambavyo mtambo wa kusoma herufi huvitambua. Mpangilio wa hatua mbili zinazofuata ndio unaowaangusha wanaoanza. Viunganishi huungwa kabla ya kuvua, kwa kingamwili, DNA yenye BrdU, si baada. Kingamwili ya BrdU haiioni BrdU iliyojificha katikati ya nyuzi mbili, kwa hiyo lazima DNA ichemshwe kwa nyuzi 95 kwa dakika tano na kutumbukizwa kwenye barafu ili nyuzi zitengane. Ukishazitenganisha, kiunganishi cha nyuzi mbili hakina tena pa kujishika.

Kabla ya kulipia usomaji, pima kwa PCR, njia ya kuzidisha kipande kimoja cha DNA. Kwa seli nyingi za binadamu, alfa-globini itoke kwa wingi kwenye nusu ya mapema, na beta-globini kwenye nusu ya mwisho, isipokuwa seli zenyewe ziwe za ukoo wa damu nyekundu. DNA ya mitokondria, ambayo haifuati ratiba ya kiini, itoke sawasawa pande zote mbili. Mapema na mwisho zikitoka sawa kwa jeni zote, uvuaji umeshindwa, na mara nyingi kosa ni kutochemsha vya kutosha. Kama DNA iliyovuliwa ni nyingi ajabu lakini haifanani na ya binadamu, shuku maikoplasma: bakteria hawa huishi kimya kwenye vyombo vya seli na hula BrdU kama mwenye nyumba.

Baada ya kusoma mamilioni kadhaa ya vipande kwa kila nusu, hesabu ni nyepesi. Jenomu hugawanywa madirisha ya jozi 50,000 hivi, na kwa kila dirisha hutafutwa logi ya uwiano wa mapema kwa mwisho. Kinachochorwa ni milima na mabonde. Vilele ni maeneo yenye vianzio vilivyotangulia. Miteremko ni njia za mashine zikiondoka huko. Mabonde ni mahali mashine za pande mbili zinapokutana.

Kuna njia ya pili isiyohitaji BrdU, na ndiyo iliyofungua mlango wa vinasaba. Fikiria chombo chenye seli 100, kati yake 20 zikiwa katika awamu S. Eneo linalotangulia limekwisha kurudufishwa katika karibu zote 20. Eneo la mwisho bado halijarudufishwa katika karibu yoyote. Ukisoma DNA ya chombo kizima bila kuchambua chochote, eneo la mwanzo litasomwa takriban mara 120 kwa kila mara 100 za eneo la mwisho. Tofauti ni ndogo, na idadi ya G na C huweza kuiiga, kwa hiyo lazima irekebishwe. Lakini ipo. Maana yake ni kwamba jenomu yoyote iliyosomwa kutoka seli zinazogawanyika ina ratiba yake imejificha ndani, hata kama aliyeisoma alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Ushahidi kwamba herufi zina sauti

Turudi kwa beta-globini. Kuna aina ya thalasemia, upungufu wa damu wa kurithi, iliyopewa jina la Kihispania kwa asili ya waliogunduliwa nayo. Aliyeirithi amepoteza kipande cha jozi 35,000 hivi, mbali juu ya jeni ya beta. Jeni yenyewe ni nzima, hakuna herufi iliyoguswa. Hata hivyo kwenye seli za ukoo wa damu nyekundu jeni hiyo haifanyi kazi, DNA yake imefungwa, na, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1990, kundi zima la beta-globini hurudufishwa mwishoni badala ya mapema. Kufutwa kwa kipande kimoja kumegeuza zamu ya eneo zima.

Kipande kilichopotea kilikuwa na sehemu kubwa ya swichi maarufu ya globini, yenye vituo vinavyowasha jeni hizo zote. Ikaonekana jawabu limepatikana: swichi ya jeni ndiyo swichi ya zamu. Kumbe sivyo. Watafiti walipofuta vituo vya swichi hiyo peke yake, vile vya 2 hadi 5, na kuliacha eneo lililobaki, utendaji wa jeni ulianguka vibaya, lakini eneo liliendelea kurudufishwa mapema na kianzio kikabaki palepale. Hayo yalichapishwa mwaka 2000. Kumbe kinachowasha jeni na kinachoiwahisha zamuni vinaweza kutenganishwa, na ile thalasemia ilikuwa imebeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi wengi bado hufundishwa nusu ya kwanza ya kisa hiki tu.

Ilichukua karibu miaka ishirini kupata vipande vyenyewe vya zamu kwa uwazi, na vilipatikana kwa panya. Mwaka 2019, maabara ya David Gilbert ilichukua eneo lenye jeni za Dppa2 na Dppa4 katika seli za shina za kiinitete, ambazo bado zinaweza kuwa seli za aina yoyote, na kulikata kwa CRISPR, mkasi wa DNA, hapa na pale. Kufuta vituo vinavyoshikwa na CTCF, protini inayojulikana kwa kukunja DNA, hakukubadilisha zamu. Kufuta kipande kimoja kati ya vitatu vilivyoshukiwa kulikuwa na athari ndogo. Vilipofutwa vyote vitatu, eneo zima lilihama kutoka mapema hadi mwisho, likahamia upande wa DNA iliyofungwa, na jeni zake zikanyamaza. Vipande hivyo hushikwa na OCT4, SOX2 na NANOG, protini zilezile zinazoitambulisha seli ya shina.

Hapo ndipo yale majibu mawili ya mwanzo yanapokutana. Herufi za kipande cha zamu ziko katika kila seli, lakini zinasomwa na protini ambazo hazipo katika kila seli. Seli ya ukoo wa damu nyekundu ina wasomaji wa vipande vya globini. Ya ngozi haina, na eneo linachelewa. Na kwa kuwa vipande viko vingi na hubebana, kukifuta kimoja aghalabu hakuonyeshi kitu. Hilo liliwapoteza watu wengi kwa muda mrefu: walifuta, hawakuona badiliko, wakasema DNA haina neno.

Kulinganisha ratiba za watu waliorithi herufi tofauti hakuhitaji kufuta chochote. Mwaka 2014, Amnon Koren na wenzake walitumia ile njia ya pili kwenye data ya Mradi wa Jenomu 1000, uliosoma jenomu za watu wa mabara mbalimbali, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya. Data nyingi za mradi huo zilitoka kwa seli za damu zilizokuzwa maabara, ambazo hugawanyika bila kukoma, kwa hiyo ratiba ilikuwa imo tayari. Walipata maeneo 16 ambapo herufi alizorithi mtu zinaambatana na zamu ya eneo linalozizunguka. Mwaka 2021 kundi hilo liliongeza nguvu kwa seli za shina za watu 349, na idadi ikapanda hadi maeneo 1,617.

Matokeo ya 2021 yana jambo moja linalopaswa kusomwa polepole. Maeneo yale hukusanyika mahali penye histoni zilizojaa asetili, pamoja na alama tatu za methili kwenye histoni H3, nafasi ya 4, ya 9 na ya 36. Kila moja ya alama hizo, ikiwa peke yake, huambatana na kuchelewa. Zikikutana, huambatana na kuwahi. Anayepima alama moja tu na kuichora dhidi ya ratiba atatoka na jibu la kinyume.

Hapa sampuli za Afrika zina faida ya kiufundi ambayo haitajwi vya kutosha. Herufi hurithiwa kwa mafungu, na katika fungu moja ni vigumu kujua ni herufi ipi inayofanya kazi na zipi zimepanda gari tu. Mafungu ya Waafrika ni mafupi kuliko ya watu wa mabara mengine, kwa kuwa yamekatwakatwa na vizazi vingi zaidi, kwa hiyo washukiwa katika kila fungu ni wachache.

Zipo pia swichi za kromosomu nzima. Kwa mwanamke, kromosomu X moja huzimwa na RNA iitwayo XIST, na X iliyozimwa huchelewa, jambo lililoonekana kwa darubini tangu miaka ya 1960. Kwenye kromosomu ya 6 kuna ASAR6, jeni ya RNA isiyotoa protini. Ikiharibiwa, kromosomu yake nzima huchelewa huku pacha wake akiendelea kama kawaida.

Usichanganye hayo na kasoro za mashine yenyewe. Anayerithi makosa kwenye ORC1, ORC4, ORC6, CDC6 au CDT1 anaweza kuwa na sindromu ya Meier-Gorlin: kimo kifupi, masikio madogo, na magoti yasiyo na kilegesambwa au yenye kidogo sana. Hapo kilichopungua ni utoaji wa leseni.

Gharama ya kuwa wa mwisho

Maeneo yanayochelewa hukusanya makosa mengi ya herufi kuliko yanayotangulia. Sababu moja iliyothibitishwa kwa jenomu za saratani ni kwamba mafundi wanaorekebisha herufi zisizolingana hufanya kazi vizuri zaidi kwenye maeneo ya mapema. Mafundi hao wakipotea, kama inavyotokea katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, tofauti kati ya maeneo hayo mawili karibu inatoweka. Kwa anayetafuta jeni za saratani, hili ni la lazima kuzingatia. Jeni inayochelewa itaonekana imejaa makosa kwa wagonjwa wengi, na atadhani amepata mhalifu, kumbe ni jirani wa mtaa wenye taa mbovu.

Katika sindromu ya X dhaifu, ulemavu wa akili wa kurithi, marudio ya CGG kwenye jeni FMR1 hupita 200. Jeni hunyamaza, na eneo linaloizunguka, lenye jozi zaidi ya 150,000, huchelewa kuliko lilivyokuwa. Badiliko liko mahali pamoja, ila kuchelewa kunasambaa mbali na hapo.

Mfano wa kuhesabika vizuri kuliko yote ni FRA3B, kwenye kromosomu ya 3, ndani ya jeni FHIT yenye urefu wa jozi milioni 1.5. Ni mahali panapovunjika kwa urahisi kuliko pengine popote katika seli nyeupe za damu zikiwekewa afidikolini, dawa inayopunguza kasi ya mashine, kiasi cha maikromola 0.4 kwa siku moja. Kwa muda mrefu ilidhaniwa herufi za pale ndizo mbovu, kwamba hujikunja na kuikwamisha mashine. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba katika seli hizo nyeupe, sehemu ya kati ya FRA3B, jozi 700,000 hivi, haina vianzio vinavyowashwa. Mashine lazima zitoke kando zote mbili na kukutana katikati, kila moja ikipita jozi 350,000. Kwa kasi ya 1,500 hizo ni dakika 233, karibu saa nne, na zinaanza zikiwa zimekwisha kuchelewa. Punguza kasi kwa nusu kwa dawa, safari inakuwa saa nane. Kromosomu zinaingia kugawanywa kukiwa na kipande katikati ambacho hakijarudufishwa, na hapo ndipo zinapokatika.

Katika faibroblasti, seli za tishu-unganishi, palepale pana vianzio vinavyowashwa, na hapavunjiki. Herufi ni zilezile na dawa ni ileile. Kwa hiyo maabara inayotafuta mvunjiko wa FRA3B ikipewa sampuli ya damu itauona, ikipewa ya ngozi haitauona, na majibu yote mawili yatakuwa sahihi.